Filamu ilikuwa bubu, mwigizaji hakuwa bubu

Juzi nimemsikia mtangazaji akimwita Lillian Gish, Mmarekani aliyecheza filamu za zamani, "mwigizaji bubu". Wiki hiyohiyo jamaa yangu kanitumia kipande cha video alichokizima sauti, chini kaandika "filamu bubu". Nikaona leo niseme.

Filamu bubu ni filamu ambayo ukanda wake haukubeba sauti. Maneno ya lazima yaliandikwa kwenye kadi zilizopachikwa kati ya tukio na tukio. Basi.

Kinachowapotosha watu ni jina. Kabla ya simu za mkononi, nani aliwahi kusema "simu ya mezani"? Ilikuwa simu tu. Gish aliposimama mbele ya kamera mwaka 1912 pamoja na mdogo wake Dorothy, hakwenda kucheza filamu bubu. Alikwenda kucheza picha. Ububu wa picha zile ulianza kutajwa sana pale zilipokuja zinazosema, kuanzia 1927, na watu wakahitaji namna ya kuzitenga za zamani.

Halafu wapo wanaojiona wamerekebisha wakisema "filamu kimya". Hao ndio wananichosha zaidi. Kimya ni kutokuwepo kwa sauti. Bubu ni asiyetamka maneno, lakini akicheka utamsikia, na akigonga meza utageuka. Sasa nenda ukumbini miaka ile: pembeni ya pazia kuna mpiga piano anayefuata mbio za farasi kwa vidole, na kwenye kumbi kubwa za Marekani kuna okestra nzima. Kimya kiko wapi hapo? Neno "bubu" linafaa, ila linausema ukanda. Mtu halimhusu. Na kwa jumla kumbandika mtu jina hilo siku hizi si adabu, viziwi wamelilalamikia sana.

Gish mwenyewe sauti alikuwa nayo tangu utotoni. Alizaliwa Ohio mwaka 1893, na hajafikisha miaka 10 alikuwa tayari jukwaani, akizunguka miji na vikundi vya maigizo, enzi ambazo hapakuwa na kipaza sauti na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa naye alilipa kiingilio. Mbele ya kamera nako hakufunga mdomo. Katika Broken Blossoms ya mwaka 1919, iliyoongozwa na D. W. Griffith, anacheza msichana aliyejifungia ndani ya kabati huku baba yake, bondia, akipasua mlango kwa shoka. Anazungukazunguka mle ndani kama panya aliyenaswa, anapiga mayowe. Husimuliwa kwamba mayowe hayo yalisikika hadi nje ya studio, watu wakakusanyika kuuliza kuna nini. Ukiitazama leo husikii hata moja, unaona koo tu linavyokaza. Mayowe yalikuwepo, ukanda ndio haukuweza kuyabeba. (Katika filamu hiyohiyo anatabasamu kwa kuinua pembe za midomo kwa vidole viwili. Hapo hata sauti isingesaidia kitu.)

Na kama kweli angekuwa hana sauti, zilipokuja filamu zinazosema angepotea. Mwaka 1930 akatoa ya kwanza ya kusema, na mwaka huohuo akarudi Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, katika tamthilia ya Uncle Vanya. Mwaka 1936 alikuwa Ophelia jukwaani katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, Hamlet mwenyewe akichezwa na John Gielgud. Filamu yake ya mwisho, The Whales of August, ilitoka 1987. Mwaka wa kuzaliwa nimeshakupa, piga hesabu.

Kwa hiyo ile video ya jamaa yangu imezimwa sauti, haijawa bubu. Na mtangazaji wetu hakukosea sana, aliruka maneno mawili tu: mwigizaji *wa filamu* bubu.