Je, wajua kwa nini kushusha pumzi taratibu hutuliza moyo?

"Vuta pumzi ndefu, utatulia." Mwalimu humwambia hivyo mtoto kabla ya mtihani, muuguzi naye humwambia mgonjwa kabla ya sindano, na ushauri wenyewe hufaa. Kinachokosewa ni sababu. Waulize watu, wengi watakwambia kuwa pumzi ndefu huingiza oksijeni nyingi, na oksijeni ndiyo inayotuliza ubongo.

Sivyo. Mtu mwenye mapafu mazima, hata akiwa ameketi tu, damu inayotoka mapafuni mwake tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100. Kile kidude kinachobanwa kidoleni hospitalini, kilichozoeleka wakati wa UVIKO-19, husoma namba hiyo hiyo. Vuta hewa mpaka mbavu ziume, nafasi ya kuongeza ni ndogo mno. Kinachobadilika sana ni hewa ukaa. Ukihema kwa nguvu na haraka, unaitoa haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo inajibana, na ubongo unapata damu pungufu kuliko mwanzo. Ndiyo maana mtu anayehema kwa hofu hushikwa na kizunguzungu, vidole vikamfa ganzi, akadhani anakosa hewa, akazidi kuhema. Hata ile hamu ya kuvuta hewa inayomshinda mtu aliyebana pumzi, kwa kawaida huamshwa na hewa ukaa kurundikana, wala si oksijeni kupungua. Ajabu kidogo, kwa kiumbe ambaye akikosa oksijeni dakika chache tu hufa.

Basi utulivu hutoka wapi? Zaidi hutoka kwenye kutoa pumzi. Moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo, na ukiachwa peke yake ungedunda kama mara 100 kwa dakika. Mtu aliyepumzika moyo wake hudunda pungufu ya hapo kwa sababu neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo, inauzuia. Mfikirie dereva wa lori lenye mzigo anayeteremka mlima Kitonga: gari linataka kukimbia, mguu wake uko kwenye breki. Unapovuta pumzi, mguu unalegea na mapigo yanaongezeka. Unapoitoa, mguu unakandamiza na mapigo yanapungua. Ukirefusha kutoa, unarefusha muda wa breki. (Dereva mzoefu hutumia na gia, na moyo nao una vidhibiti vingine, adrenalini ikiwamo.) Moyo huwezi kuuamuru utulie. Pumzi hujiendesha hata ukilala, lakini ukiiamuru inatii.

Waumini wanaosoma katika Mwanzo kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani huenda wasishangazwe na utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001. Watu 23 wenye afya walisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, pia wakakariri mantra ya yoga, yaani maneno machache yanayorudiwarudiwa. Kwa vyote viwili pumzi zao zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, mwendo unaokaribiana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, yanayojirudia kila sekunde 10 hivi. Rozari ilifika hapo bila saa.

Watu 23 ni wachache, na kilichopimwa ni moyo na damu, si neema. Tafiti za baadaye zinaonyesha nafuu kwa wasiwasi na kwa presha, ila ndogo, na kuzihakiki ni kazi: huwezi kumpa mtu pumzi ya polepole ya bandia asijue, kama anavyopewa kidonge bandia dawa inapojaribiwa. Mwenye pumu iliyombana au maumivu ya kifua apelekwe hospitali, asiambiwe ahesabu pumzi.

Kwa wengine: vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, kwa dakika chache. Usijaze kifua. Kichwa kikianza kuwa chepesi, unatoa hewa ukaa nyingi mno, punguza.