Je, Wajua kwa Nini Kisukari Huharibu Figo za Mmoja na Kuziacha za Mwingine?

Watu wawili wanaweza kuishi na kisukari kwa miaka 20, sukari yao ikikaribiana, lakini mmoja akaishia kusafishwa damu kwa mashine huku figo za mwenzake zikiwa bado nzima. Wengi katika kliniki za Nairobi hulichukulia jambo hili kuwa ni matokeo ya uzembe wa mgonjwa, na hukumu hiyo, kwa maoni yangu, huwaonea wengi.

Mwaka 1989, watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwachunguza ndugu wa tumbo moja waliokuwa wote na kisukari cha aina ya kwanza. Pale ambapo figo za mmoja zilikuwa zimeshaharibika, asilimia 83 ya ndugu zake walionyesha dalili za tatizo hilo hilo. Pale ambapo figo zake zilikuwa salama, ni asilimia 17 tu. Ni kweli kwamba ndugu hurithi pia mapishi na mazoea ya nyumbani, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na chakula peke yake.

Jeni moja inayoeleweka kwa kiasi ni COL4A3, ambayo huelekeza utengenezaji wa kolajeni, protini inayojenga utando wa vichujio vya figo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 wenye kisukari cha aina ya kwanza, uligundua kwamba badiliko dogo katika jeni hiyo huwakinga wenye nalo, na kinga hiyo ilijitokeza hasa kwa wale ambao sukari yao ilikuwa juu. Kwa hiyo jeni na sukari hufanya kazi pamoja, wala hakuna jeni moja inayoamua yote.

Hata hivyo, washiriki hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Kwa watu wa asili ya Afrika hutajwa zaidi APOL1, jeni ambayo aina zake mbili, zilizotambuliwa mwaka 2010, huongeza hatari ya magonjwa ya figo hata kwa asiye na kisukari. Inaaminika zilienea kwa sababu husaidia mwili kupambana na vimelea vya malale. Aina hizo zimejaa Afrika Magharibi na ni chache zaidi upande wetu wa mashariki, hivyo si sahihi kuyachukua matokeo ya Wamarekani weusi, ambao wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na kumtabiria nayo mkazi wa Kayole, Nairobi. Ndiyo maana nauthamini mradi wa AWI-Gen, utafiti wa jeni na magonjwa barani Afrika, ambao umewashirikisha wakazi wa Korogocho na Viwandani, Nairobi.

Kwa sasa, historia ya ukoo ndiyo taarifa ya urithi iliyo karibu zaidi na mgonjwa. Aliye na mzazi au ndugu aliyeugua figo amwambie daktari, kisha apimwe albumini, aina ya protini, kwenye mkojo kila mwaka: mwenye kisukari cha aina ya pili tangu siku anapogunduliwa, na wa aina ya kwanza baada ya miaka 5.