Kabla kiranja hajaandika majina ya wapiga kelele

Kama umesoma shule ya msingi ya serikali nchi hii basi ile karatasi unaijua. Mwalimu katoka kidogo, kaenda ofisini, kiranja kabaki mbele na kipande cha karatasi alichochana katikati ya daftari la mtu, anaandika. Masanja. Neema. Masanja tena, anawekewa tiki pembeni. Mwalimu akirudi karatasi inasomwa na kila mtu anajua kinachofuata.

Mimi niko ustawi wa jamii upande wa watoto hapa Mwanza, tunazunguka shule za msingi za Nyamagana na Ilemela, mara mojamoja tunavuka kwenda Ukerewe, na nikiingia darasani naombaga nione hiyo karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Kuna shule moja jirani na mwalo wa wavuvi nilikuta imejaa majina thelathini na moja, mbele na nyuma. Nikamuuliza kiranja, binti wa darasa la nne, haya leo nani kamsaidia mwenzake? Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya tiketi ya ndege. Afu akasema, "Hao hatuwaandikagi mwalimu."

Hilo jibu nimelibeba miaka sasa. Shule zetu zimejipanga vizuri kabisa kuona kosa, kuna kiranja, kuna mwalimu wa zamu, kuna mwalimu wa nidhamu, kuna na kitabu ofisini, ila wema hauna kitabu. Mtoto anayetulia, anayevunja kifutio chake nusu kwa meno amgawie mwenzake (ndo wanavyofanyaga, msicheke), anaweza kumaliza darasa la saba bila mtu mzima yeyote kumwambia nimekuona. Na darasa likiwa na watoto mia na kitu, maana tangu elimu bila ada ianze 2016 kuna shule zimefurika kwelikweli, mtoto anajua haraka sana njia fupi ya mwalimu kulishika jina lake. Avuruge. Atachapwa, sawa, lakini ameitwa kwa jina na wenzie wote wamegeuka kumtazama, kwa mtoto ambaye nyumbani wako saba na mama yuko gengeni mpaka saa tatu usiku hiyo siyo hasara kubwa kama mnavyofikiri.

Kwa hiyo tunachowafundisha walimu kwanza ni kuona, afu kusema ulichokiona. Na kusema kwenyewe kuna namna. "Darasa safi sana, jipigieni makofi" ni sawa ila haimfundishi mtu kitu maana hakuna anayejua kafanya nini. Tofautisha na hii: "Nimekuona asubuhi pale kwenye mawe ulivyomshika mkono yule wa darasa la kwanza mpaka akashuka chini." Wale wa Mabatini na Igogo wanaelewa nasema mawe gani, mvua ikinyesha ile miamba ni kama umepaka sabuni. Mtoto aliyeambiwa hivo anajua kabisa ni kitu gani akirudie kesho. Wengine usiwaambie mbele za watu, wanaona aibu, mpitie kwenye dawati lake umwambie taratibu, "wabheja mwanangu", yani asante kwa Kisukuma, inatosha.

Sasa hapa niseme nilipokosea mimi mwenyewe. Ile shule ya karibu na mwalo niliwashauri kiranja aandike kwenye daftari na majina ya waliofanya mema, afu Ijumaa wanaoongoza wapewe peni. Nilijiona nimemaliza. Wiki ya pili narudi nakuta maajabu, watoto wanadondosha madaftari makusudi ili rafiki yake aokote, halafu wote wawili wanakimbilia kwa kiranja wakaandikwe, na kiranja naye alishaanzisha biashara, nafasi moja kwenye orodha ni kipande cha muhogo wa kukaanga. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Na wala siyo kwamba watoto wetu wajanja kuliko wengine. Mwaka 1973 Marekani kuna watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Baada ya muda wakawatazama wakiwa wameachwa huru, wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Yani kitu alichokuwa anakifanya kwa kupenda ukishakiwekea malipo kinageuka kuwa kibarua, na kibarua bila malipo nani anafanya? Kwa hiyo tukaondoa peni. Daftari likabaki, likawa linasomwa tu Ijumaa mstarini, dakika tano, mwandishi anabadilishwa kila wiki, na sheria ni moja: huruhusiwi kumwandika mtu kwa jambo alilokufanyia wewe mwandishi. Muhogo ukaisha.

Jambo la pili ambalo nataka wazazi nao wasome vizuri ni majina ya kubandikana. Huku ziwani kuna watoto wanaamka saa kumi na moja alfajiri kusaidia kuanika dagaa, anageuza geuza kule kwenye nyavu mchangani, hana muda wa kuoga vizuri anakimbilia namba shuleni. Darasa la tatu moja kulikuwa na kijana wa hivo, walimuita Dagaa. Siyo mmoja, darasa zima, mpaka mwalimu wa hesabu siku moja akateleza akamwita hivohivo, watoto wakacheka nusu saa. Kijana akaanza kuchelewa makusudi akae dawati la nyuma peke yake, afu akaacha kunyoosha mkono, afu akawa haji Jumatatu.

Nilipouliza nikaambiwa ah, ni utani tu. Na mimi utani naujua, sisi ni watu wa utani, makabila yanataniana hadi msibani na hakuna anayenuna. Ila utani una pande mbili. Mtani wako akikuchokoza na wewe unamrudishia, na kesho mnasaidiana jembe. Dagaa alikuwa anamrudishia nani? Walimcheka wao kila siku, yeye akawa anatazama meza. Kipimo changu ni hicho tu: muangalie anayetaniwa, akicheka na kujibu huo ni utani, akiangalia chini huo ni uonevu hata kama hakuna aliyemgusa.

Yule madam wa darasa alifanya kitu ambacho sikukitegemea, hakumtafuta aliyeanzisha jina. Alisema akimchapa mmoja watabaki hamsini wanaocheka. Akawaita pembeni watoto wanne wanaopendwa darasani, wale ambao wakicheka wote wanacheka, akawaambia nyie kazi yenu ni kutokucheka, na mmoja akakae naye dawati moja. Basi. Jina lilikufa ndani ya mwezi kwa kukosa wachekaji. Baadaye nikamwambia madam kule Finland chuo kikuu cha Turku wana programu nzima inaitwa KiVa, nchi ile iliisambaza mashuleni 2009, na moyo wake ni huohuo, shughulika na wanaotazama. Akasema yeye hajawahi kusikia, yeye alikumbuka tu alivyoitwa Kijiti akiwa darasa la tano.

Mtoto mwenye ualbino darasani ni habari ya peke yake na Kanda ya Ziwa tunajua kwa nini, damu ya wenye ualbino waliouawa miaka ile ya 2007 na kuendelea bado tunaikumbuka. Niseme machache tu ya kila siku. Wengi wao macho hayaoni mbali, kwa hiyo akae mbele na aruhusiwe kusimama asogelee ubao bila kuomba ruhusa kila mara, kofia asivuliwe mstarini eti siyo sare, na paredi ya jua kali asimame kivulini na wenzake wawili watatu ili asionekane ametengwa. Watoto wengine wakielezwa sababu wanaelewa kuliko sisi wakubwa, nimeona darasa wanagombania nani akae naye kivulini.

Sasa walimu mnisamehe. Simama getini saa moja na nusu asubuhi uhesabu. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, na mwalimu yuko kwenye simu anapita kama upepo. Marahaba hamna. Mchana mwalimu huyohuyo anafundisha somo la heshima. Bandura, mwanasaikolojia pale Stanford, mwaka 1961 aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu la mpira, wengine wakaonyeshwa mtu mzima aliyetulia akicheza na vitu vyake, afu watoto wakaachwa na sanamu hilohilo. Walioona kipigo walipiga, na walitumia mpaka maneno yaleyale aliyosema mkubwa. Kwa hiyo mwalimu ukimwita mtoto ng'ombe wewe saa nne asubuhi, usishangae saa sita uwanjani kila mtu ni ng'ombe.

Na tukifika kwenye viboko najua wengi mtakunja sura. Mzazi anamleta mtoto mpaka ofisini, anasema mbele yake, mwalimu huyu mchape tu mimi nimeshindwa. Nieleze sheria kwanza maana hata walimu wengi hawaijui vizuri. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa tu, visizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike labda kama hayupo, na kiandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayeingia darasani na fimbo achape mstari mzima kwa sababu wamekosa jedwali la saba yuko nje ya kanuni, awe na nia nzuri au mbaya. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike kwa wa kiume, walishafanyiwa ukatili wa kimwili kabla hawajafika miaka 18, na walimu wametajwa humo. Kwa hiyo tusijifanye fimbo hatujaijaribu, tumeijaribu sana, na bado karatasi ya kiranja inajaa mbele na nyuma.

Je bila fimbo inawezekana? Majirani zetu Uganda walijaribu kule Luwero, shule 42 za msingi, nusu zikapewa programu ya mwaka mmoja na nusu ambapo walimu, wanafunzi na wazazi wanatengeneza wenyewe utaratibu wa shule. Matokeo yalitoka 2015: kwenye shule za programu watoto 31 katika mia walisema wamepigwa na mwalimu wiki iliyopita, kwenye zile zingine 49. Bado 31 ni wengi, sijasema ni muujiza. Na siyo kila mafunzo yanaleta kitu, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Kigoma kulijaribiwa mpango mwingine wa kuwafundisha walimu kuzuia hasira na kuongoza darasa bila fimbo, walipopima hawakuona tofauti. Mimi nadhani semina ya walimu peke yake, soda na posho na kwaheri, haigusi kitu kama shule nzima haijaingia.

Badala ya fimbo tunafanya nini basi, hilo swali naulizwa kila kikao. Mtoto arekebishe alichoharibu. Kamwaga ndoo ya mwenzake aliyetoka kuchota ziwani, aende naye akaichote, waibebe wote wawili. Kachana daftari, anakili yale masomo kwenye daftari jipya kwa mkono wake. Usimlazimishe tu aseme samahani huku amenuna, hiyo samahani ya kununa haina kitu ndani, mpe kazi ya kufanya na samahani itakuja yenyewe njiani. Inachukua muda kuliko viboko vinne, nakubali, na mwalimu mwenye watoto 120 ana haki ya kunung'unika, ndo maana tunasema anza na kosa moja linalojirudia sana, siyo yote.

Kama kuna mtoto unahisi anaumizwa, shuleni au nyumbani, usisubiri kikao, piga 116, ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Na hicho kikao chenyewe cha wazazi, walimu wakuu wa shule za kando ya ziwa, naomba tukipange vizuri. Mnalalamika akina baba hawaji, anakuja mama na bibi tu. Mnaita siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wako majini usiku kucha na taa zao, asubuhi amelala hoi, atakuja saa ngapi? Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawavuliki vizuri, wavuvi wanakuwa nchi kavu wanashona nyavu na kucheza bao. Shule moja ya Ukerewe tulihamishia kikao kwenye siku hizo, tukakifanya chini ya mti kulekule mwaloni badala ya darasani, wakaja akina baba arobaini na kitu, na baba mmoja akasimama akauliza hilo daftari la mema likoje, asomewe la mwanae.