Huduma ya Linux ikigoma, isome kabla ya kuiwasha upya

Stima ilipotea usiku, asubuhi ikarudi, na programu ya kuhesabu dakika za wateja ikakataa kuwaka. Kijana wa saiba moja ya Ngara alikuwa ameiwasha tena na tena kabla ya kutupigia simu. Tulimwomba kwanza aiache.

Kwenye kompyuta nyingi za Linux, huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, huwashwa na kusimamiwa na programu iitwayo systemd. Kwa kawaida, huduma ikijaribiwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd hukataa kuiwasha na kusema ombi limerudiwa haraka mno. Wengi hudhani hilo ndilo kosa. Kosa lenyewe liko juu zaidi kwenye kumbukumbu za huduma, na kila jaribio jipya linazidi kulifukia.

Tulimwambia aandike systemctl status na jina la huduma, kisha journalctl -b -u na jina lilelile, apate yote yaliyoandikwa tangu kompyuta iwake. Soma kuanzia juu. Mstari wa kwanza wenye kosa mara nyingi ndio wenye habari.

Wake ulisema 203/EXEC, yaani systemd ilishindwa hata kuianzisha programu, na kando yake lalamiko kwamba faili haipo. Kijana akaapa faili ipo. Ni kweli, ilikuwepo! Ila siku mbili nyuma mtu aliihariri kwenye Windows, ambayo humalizia kila mstari kwa alama ya ziada isiyoonekana. Mstari wa kwanza wa faili hiyo hutaja /bin/bash, programu ya kuiendesha. Linux ikaisoma alama hiyo kama sehemu ya jina hilo, ikatafuta programu yenye jina lenye alama, ikaikosa. Stima ilisingiziwa tu: huduma haikuwa imewashwa upya tangu faili iguswe.

Dawa ilikuwa sed -i 's/\r$//' na jina la faili, kisha systemctl reset-failed, halafu systemctl start na jina la huduma.

Ukikuta 217/USER, mtumiaji aliyetajwa hayupo. 200/CHDIR, folda ya kazi haifikiki. Diski nayo hujaa kimyakimya: pima kwa df -h, na df -i pia, maana nafasi yaweza kubaki huku idadi ya faili imefika kikomo. Ukibadilisha faili ya huduma yenyewe, usisahau systemctl daemon-reload, la sivyo systemd itaendelea na maagizo ya zamani.

Ukikwama, tutumie mistari hiyo, hata kwa picha ya simu. “Imekataa tu” hatuwezi kuitengeneza.