Tallinn, miji miwili iliyofungiana lango

Wageni wengi wakifika Tallinn, mji mkuu wa Estonia, hukimbilia minara. Mimi kazi yangu ni historia ya miji ya kale, na ninachopenda kuwaonyesha kwanza ni mlango. Uko kwenye mnara wa lango la Lühike jalg, kichochoro cha ngazi kinachopanda kilima cha Toompea. Ni mlango wa mwaloni, mbao nene zilizopigwa misumari ya kufua kwa mkono, wa karne ya 17. Usiku ulikuwa unafungwa. Aliyekuwa juu alibaki juu, na aliyekuwa chini alibaki chini, maana kwa karne nyingi Tallinn ilikuwa miji miwili, kila mmoja na sheria zake.

Juu walikaa watawala. Mfalme Valdemar II wa Denmaki aliiteka ngome ya Waestonia mwaka 1219, na Wadenmaki wanasimulia mpaka leo kwamba bendera yao ilidondoka kutoka mbinguni katika vita hivyo. Mwaka 1346 Denmaki iliuza Estonia ya kaskazini kwa shirika la kijeshi la watawa wa Kijerumani. Mwaka 1561 ikaja Sweden, na mwaka 1710 Urusi. Kila bwana mpya alipanda kilima kile kile.

Chini walikaa wafanyabiashara, na kwangu mimi utamu wa mji huu uko kwao. Mwaka 1248 walipewa sheria ya Lübeck, mji wa biashara wa Ujerumani, wakawa na baraza na mahakama yao. Wakaingia katika Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Baltiki. Manyoya na nta vilipita hapa kutoka Urusi kwenda magharibi, na chumvi na vitambaa vikaenda mashariki. Fedha hiyo ndiyo iliyojenga kuta za mawe ya chokaa na jengo la baraza, Raekoda, lililokamilika mwaka 1404. Tangu 1530 juu ya mnara wake kuna kionyesha upepo chenye umbo la askari, ambaye wenyeji humwita Vana Toomas. Ng'ambo ya uwanja kuna duka la dawa, Raeapteek, linalotajwa katika kumbukumbu za mwaka 1422 na ambalo bado liko wazi.

Si kwamba mji wa chini ulikuwa wa haki kwa wote. Wenye mali na wajumbe wa baraza walikuwa Wajerumani. Waestonia walikuwa wapagazi, waashi na watumishi. Ila mtwana aliyemtoroka kabaila wake akafanikiwa kukaa ndani ya kuta mwaka mmoja na siku moja alikuwa huru. Makabaila waliichukia sana desturi hiyo. Mmoja wao, Johann von Uexküll, alimuua mtwana wake, na alipoingia mjini baraza likamkamata, likamhukumu bila kusita: mwaka 1535 aliuawa. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya baraza lile, kwamba lilithubutu kumwadhibu mtukufu kwa ajili ya damu ya mkulima.

Ukipata nafasi ya kuingia jengo moja tu, ingia Niguliste. Ni kanisa lililogeuzwa jumba la makumbusho, na ndani yake kuna kipande cha mchoro wa Bernt Notke wa karne ya 15 chenye urefu wa mita 7 na nusu hivi. Mauti yanacheza ngoma na papa, kaisari na mfalme, na yamewashika mikono wote. Kanisa lenyewe liliungua katika mashambulizi ya ndege za Kisovieti ya Machi 1944. Mchoro ulikuwa umeshahamishwa.

Miji hii miwili iliunganishwa rasmi mwishoni mwa miaka ya 1870. Urusi ikaacha alama yake juu: kanisa la Kiothodoksi la Alexander Nevsky, lililokamilika mwaka 1900, likitazamana na ngome. Wapo Waestonia waliotaka libomolewe baada ya uhuru wa 1918. Nafurahi halikubomolewa, kwani linasema wazi ni nani alitawala na alitaka aonekane vipi.

Safari hii, Estonia ikiwa chini ya Umoja wa Kisovieti, watu wa chini ndio waliopanda. Mwaka 1988 maelfu kwa maelfu waliimba usiku katika uwanja wa nyimbo, Lauluväljak. Tarehe 24 Februari 1989 bendera ya buluu, nyeusi na nyeupe ikapandishwa kwenye Pikk Hermann, mnara wa ngome ya Toompea, palipokuwa na bendera ya Kisovieti. Agosti 23 mwaka huo huo, mnyororo wa watu walioshikana mikono ulitoka chini ya mnara huo hadi Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, zaidi ya kilomita 600. Tarehe 20 Agosti 1991 uhuru ukarejeshwa, na ulitangazwa palepale Toompea. Bunge, Riigikogu, linakaa ndani ya ngome hiyo hadi leo, na malango ya kilima hayafungwi tena usiku.