Dakika ya pembe si inchi

"Bunduki hii ni ya inchi moja." Walengaji shabaha wa hapa Mombasa wanapenda sana kauli hii, yaani matundu ya risasi zake hayaachani zaidi ya inchi moja, na ukiuliza inchi moja umbali gani, unajibiwa, "Popote." Wanachokusudia ni dakika ya pembe.

Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi dakika 60. Basi. Haihusiani na saa, wala haina urefu wake yenyewe; hupanuka kwa kadiri ya umbali. Kwenye mita 100 ni milimita 29, kwenye mita 900 ni sentimita 26. Ni dakika hiyohiyo inayoiweka Mombasa nyuzi 4 na dakika 3 kusini mwa Ikweta, ila hapo pembe huanzia kitovu cha dunia, ndiyo maana dakika moja ya latitudo ni maili ya baharini, mita 1,852. Nahodha anayeingia Kilindini umwambie dakika ni inchi!

Hiyo inchi ilitokana na yadi 100, ambako dakika ni inchi 1.047. Wavivu wa hesabu wakaitupa 0.047, na kwa umbali huo haina neno. Sasa nenda yadi 1,000. Risasi inahitaji kuinuliwa inchi 400. Unagawanya kwa 10, ukidhani dakika hapo ni inchi 10, unapata dakika 40, unazungusha kitufe cha darubini ya bunduki kliki 160, kila kliki (mlio mmoja wa kitufe) ikisogeza robo dakika. Risasi inapita inchi 19 juu ya kitovu, karibu nusu mita, kisha inalaumiwa baruti. Zilitakiwa kliki 153. Zipo pia darubini ambazo kliki yake ni robo inchi kweli kwa yadi 100, kwa hiyo pima: weka karatasi ndefu umbali wa mita 100, piga risasi tano, panda kliki 40, piga tano tena ukilenga palepale. Makundi hayo mawili ya matundu yakiachana sentimita 29.1, ni dakika, 27.8, ni inchi.

Na hilo "popote" nalo lina walakini. Kasi ya risasi ikitofautiana mita 10 kwa sekunde, mita 100 huoni kitu. Mita 900, risasi ya milimita 7.62 inapanda au kushuka robo mita na zaidi. Kusi ikivuma ubavuni nawe ukaikisia pungufu kwa mita 1 tu kwa sekunde, umekosa nusu mita hivi.

Afadhali useme: "Risasi tano, mita 100, dakika moja." Ya mita 900 itajwe ikishapigwa mita 900.