Usafi wa Banda la Sungura: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mfugaji mgeni akifungua banda asubuhi na kukuta vinyesi vimetapakaa, huvitupia lawama ya harufu inayompiga puani. Ukweli ni kwamba zile punje ngumu za mviringo ni mabaki ya nyasi tu, na zikiwa kavu hazinuki kiasi cha kumkera mtu. Kinachonuka ni mkojo, ambao bakteria wakiuvunjavunja hutoa amonia, gesi yenye harufu kali; na kwa kuwa sungura hulala palepale inapotokea, huivuta usiku na mchana hadi njia zake za hewa zikachubuka, akawa mwepesi kushikwa na mafua. Anayetaka kupima hali ya banda lake asisimame wima mlangoni, bali ainame mpaka pua yake ilingane na ya mnyama, kisha avute pumzi.

Dhana nyingine, na hii kwangu ndiyo mbaya kuliko zote, ni kwamba sungura hahitaji maji, eti majani mabichi yanamtosha, na kwamba ukimnyima maji banda litabaki kavu. Sungura mzima hunywa takriban mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na akiyakosa hupunguza kula. Banda hukaushwa kwa kubadilisha maranda yaliyolowa, hasa kwenye ile kona moja ambayo sungura wengi hujichagulia kuwa choo.

Wapo pia wanaoamini kwamba dawa kali humaliza kila uchafu. Klorini ikimwagwa juu ya mkojo hukutana na amonia na kutoa gesi yenye sumu kwa mtu na kwa mnyama. Isitoshe, vimelea vya koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo na ini wa sungura, hustahimili dawa nyingi, klorini ikiwemo. Vimelea hivyo hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza, navyo huhitaji muda penye joto na unyevu ili vikomae, kwa hiyo anayezoa kinyesi kila siku, akasugua sakafu, akaimwagia maji yanayochemka na kuiacha ikauke kabisa juani, huwa amevikatiza njiani. Sungura, bila shaka, awe ametolewa kwanza.

Ule ukoko mweupe wa konani, ambao wengi hudhani ni ukungu, ni kalsiamu iliyotoka na mkojo. Umwagie siki, usubiri kidogo, nao utabanduka kwa brashi. Ila siki na klorini zisitumiwe pamoja.

Sakafu ya waya husifiwa kwamba inajisafisha. Si kweli, kwa sababu manyoya na kinyesi hunasa kwenye matundu yake, na nyayo za sungura, zisizo na vifumba (nyama laini za chini ya wayo) kama vya paka, huweza kufanya vidonda. Awekewe walau kipande cha ubao cha kupumzikia, nacho kioshwe.

Mwisho ni hofu ya kugusa kiota, eti mama atavikataa vitoto. Mama aliyezoea watu kwa kawaida havikatai, na kutomwona kiotani kusikutishe, kwani hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache. Nawa mikono, ondoa maranda yaliyolowa na kitoto kilichokufa kama kipo, kisha rudishia juu ya vitoto manyoya makavu ambayo mama alijinyonyoa.